Msichana wa Alhamisi

Nyacheki,
26 Januari 2026

Payal,

Leo sina salamu, utanisamehe. Nimeonelea nikuandikie kwa kalamu. Simu sitaki. Nikiongea na wewe kwa simu najihisi naongea na ile mashine yako ya kurekodi, na tabia yake nimeshaijua. Barua hii naiacha dukani kwa baba yako, aitie kwenye kifurushi chako cha mwezi pamoja na hizo pilipili zake.

Ripoti yako imefika. Ulituchapishia kopi sita kwa Kiswahili, tano zetu sisi wasichana watano na moja ya baba yako, na ukaandika kule mbele kwamba unaturudishia kilicho chetu. Asante, tumerudishiwa. Mzee Jagdish aliiweka yake kwenye kaunta, na kila aliyeingia kununua kitambaa cha sare aliambiwa, "Soma, soma, binti yangu ameandika juu ya wasichana wa Nyacheki." Simlaumu mzee, mtoto wake amesoma hadi Leicester. Lakini watu walisoma, Payal! Watu ambao hawajashika kitabu tangu darasa la nane walisoma wakimaliza wanarudia.

Kwanza hicho kichwa. "Urafiki na Siasa Miongoni mwa Wasichana wa Rangi." Rangi gani? Labda huko ndiko unaulizwa rangi. Hapa sijawahi kuulizwa. Naulizwa mimi ni wa nani, na kwetu ni ng'ambo gani ya mto.

Halafu majina. Ulituahidi utayaficha. Ukayaficha kweli, ukatuita Msichana wa Jumatatu, Msichana wa Jumanne, hadi Ijumaa, kwa siku uliyomhoji kila mmoja shambani kwao. Nani alikushauri? Wewe ulikaa na egesangio yetu wiki nzima. Uliona tunavyozunguka kuchumiana chai, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jumatatu ni Esnah, Jumanne Maureen, Jumatano mimi, Alhamisi Bonareri, Ijumaa Kemunto. Miaka sita haijabadilika. Hata karani wa mizani kwenye kituo anajua leo majani yanatoka kwa nani. Kwako hiyo ni siku tu, kwetu hiyo ni mtu. Heri ungeandika majina tukajua moja.

Sasa sikia ulichofanya. Ukurasa wa thelathini na moja, Msichana wa Alhamisi anasema: "Esnah ni rafiki yangu kuliko dada zangu. Lakini kwao ni Nyamira. Kura yangu itabaki nyumbani." Hapo hata jina la Esnah ukasahau kulitoa.

Unakumbuka Esnah alishindwaje. Ule uchaguzi wa mwakilishi wa vijana kwenye kamati ya basari ya wadi, ile inayogawa karo, Novemba 2023, karatasi kwenye katoni mbele ya chifu. Onsongo, kijana wa hapa, arobaini na moja, Esnah arobaini. Kura moja! Na sisi watano tulikuwa tumeapa kwenye jani la chai kwamba kura ni za Esnah. Miaka miwili tumekuwa tukilaumu watu wa sokoni.

Jumatatu iliyopita Kemunto alisoma ukurasa huo kwa sauti katikati ya mistari. Bonareri akasema si yeye. Akalia, akasema si yeye. Kemunto akamuuliza, Alhamisi ni ya nani? Hakuna aliyemjibia. Wamemtoa kwenye egesangio. Alhamisi yake ilipita, hakuna mkono ulioingia shambani kwake, na majani yanakomaa.

Aprili kuna uchaguzi mwingine na Esnah alikuwa achukue fomu. Sasa anasema hana watu.

Nakuomba kitu kimoja. Esnah akikuandikia, usimjibu. Umeshaandika vya kutosha.

Ni mimi,
Nyanchama


Leicester,
9 Februari 2026

Nyanchama wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni na koti langu. Sina la kujitetea. Nilidhani siku za wiki ni majina mazuri, mepesi, yasiyomfunga mtu yeyote. Nilikaa kwenye egesangio yenu, nikachuma na nyinyi mpaka vidole vikawa vyeusi, na bado sikuelewa nilichokuwa nikikiona. Naona aibu. Nimempigia baba, ameitoa kopi yake kwenye kaunta. Ameniuliza amekosea wapi, nikamwambia kosa ni langu.

Lakini Nyanchama, nimefungua daftari langu la Agosti 2023, nilipowahoji.

Alhamisi ile hatukuwa kwa Bonareri. Tulikuwa kwenu. Mama yake Bonareri alikuwa amelazwa Kisii, na Alhamisi ndiyo siku Bonareri alikwenda kumtoa hospitali, kwa hiyo mlibadilishana: yeye akachumiwa Jumatano, wewe Alhamisi. Nimeandika hata kwamba mama yako alinipa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati akacheka nilivyoupuliza. Tuliketi chini ya ile migomba nyuma ya jikoni, wewe na mimi peke yetu, na mashine katikati.

Najua ni nani aliyesema maneno ya ukurasa wa thelathini na moja, na wewe unajua.

Barua yako yote umeandika kana kwamba hukuwepo. Umesema "hakuna aliyemjibia". Wewe ulikuwa mstari wa ngapi, Nyanchama?

Mimi siwezi kusema. Nilitia sahihi fomu kwamba sitamtaja mtu yeyote kwa maneno yake, na chuo kikigundua nimevunja ahadi hiyo shahada yangu inaweza kuishia hapo. Wewe hakuna kinachokuzuia. Waambie tu kwamba wiki ile mlibadilishana siku. Si lazima useme zaidi ya hapo. Mtoe Bonareri kwenye huo moto.

Rafiki yako,
Payal


Nyacheki,
23 Februari 2026

Payal,

Eti rafiki yako. Haya.

Ndiyo, ni mimi. Umefurahi? Ni mimi niliyesema, na ni mimi niliyeandika jina la Onsongo kwenye ile karatasi, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye katoni nikimwangalia Esnah usoni.

Unataka kujua kwa nini, maana nyinyi watu wa utafiti hamlali bila "kwa nini". Uliandika kwamba "mipaka ya ukoo bado ina nguvu kuliko urafiki". Maneno makubwa. Mimi nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha uuguzi mfukoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Onsongo ni wa mlango wetu, na babake alimwambia baba yangu mbele yangu kwamba kijana akiingia kwenye kamati, msichana wako atakuwa wa kwanza kwenye orodha ya basari. Esnah angenifanyia nini? Esnah analelewa kwa wajomba. Mamake alitoka Nyamira na mtoto mgongoni na begi moja. Akienda kule anaambiwa wewe ni wa Nyacheki, akiwa huku anaambiwa wewe ni wa Nyamira. Angeingia kwenye ile kamati angekuwa wa haki, na nilimwogopa kwa hiyo haki yake. Angesema wapo wenye shida kunishinda, na wapo kweli.

Kwa hiyo nilichagua ukoo. Orodha ikatoka na sikuwemo. Wala wa kwanza, wala wa mwisho. Ile barua ya chuo bado ninayo. Muhuri umefifia.

Na wewe uliniuliza yale maswali kama nani? Ungekuja na tai na viatu vya ngozi ningekujibu kama watu wanavyojibu serikali. Ulikuja kama Payal wangu wa dawati moja, ukaketi chini ya migomba, ukaniuliza, "Lakini kwa ukweli, Nyancha, unaweza kumpigia?" Nikajibu rafiki yangu. Kumbe rafiki yangu alikuwa na masikio mengine pale katikati yetu. Ndiyo, niliiona mashine. Ukizungumza na rafiki unaisahau, na wewe unajua unaisahau, ndiyo maana unakuja kama rafiki.

Sisemi kitu, Payal. Nikisema wiki ile tulibadilishana, mtoto wa chekechea atahesabu. Bonareri mwenyewe amejitetea kwamba alikuwa Kisii na mama, wakamuuliza wiki gani, ripoti haina tarehe, na mama mwenyewe wa kumshuhudia tulimzika mwaka jana.

Na ujue lingine, usije ukasikia kwa wengine. Ile Alhamisi ya Bonareri imebaki wazi. Wamenipa mimi. Sasa nachumiwa siku mbili.

Wewe ulitia sahihi. Ishike sahihi yako.

Nyanchama


Nyacheki,
2 Machi 2026

Kwa Payal,

Hujambo? Ni Esnah, Msichana wa Jumatatu. Mzee Jagdish amenipa bahasha na kalamu, nakuandikia hapa hapa kwenye benchi la duka lake.

Mimi sikukasirikia kuitwa Jumatatu. Ulichoandika juu yangu ni kweli. Kwamba nilitaka ile kamati ili siku moja watu waniulize kitu kingine kabla ya kuniuliza kwetu ni wapi. Sijui nilikwambiaje maneno hayo, lakini ni yangu.

Nina swali moja tu. Ni Bonareri?

Fomu zinarudishwa tarehe kumi Aprili. Kama ni yeye, nitaumia na nitasimama na hawa waliobaki. Kama si yeye, basi nimemfukuza mtu asiye na kosa, na yule mwenye kosa ananipokelea kikapu kila asubuhi, na siwezi kwenda mbele ya chifu na kitu kama hicho mgongoni. Bonareri amehamia kwa shangazi yake Keroka. Anauza ndizi kwenye stendi. Nilipita juzi, akaniuzia kama mteja, akanirudishia chenji, hakuniangalia.

Sikuombi jina. Niambie tu ndiyo au hapana.

Esnah


Leicester,
14 Machi 2026

Mpendwa Esnah,

Asante kwa kuniandikia. Nimetamani sana kukujibu unavyotaka. Nimemwendea profesa wangu, na amenikumbusha kwamba wahojiwa wote walihakikishiwa usiri, na kwamba kusema "si huyu" katika kundi la watu watano ni karibu sawa na kusema "ni yule". Kwa hiyo siwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Naomba uelewe kwamba usiri huo unakulinda wewe pia.

Nakutakia heri katika uchaguzi.

Wako,
Payal


Leicester,
4 Aprili 2026

Nyanchama,

Barua yako ya Februari sikuijibu, basi naandika sasa.

Nilimjibu Esnah. Nilimwandikia jibu la ofisi. Nililisoma kabla ya kulituma nikajichukia, na bado nililituma. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka mahali pa juu.

Kuna mambo mawili. La kwanza nimelibeba tangu nifungue daftari. Kidato cha tatu nilipogombea kiranja mkuu, wewe ndiye uliyezunguka bweni kwa bweni ukisema, "Mpeni Payal, acheni ujinga wa Mhindi sijui nini." Nilipata kura kumi na tisa. Ulinishika mkono siku ile nilipolia chooni. Nimeishi na mkono huo miaka yote hii nchi ya watu, kila mtu anaponiuliza natoka wapi hasa. Sasa nauliza. Ulinipigia?

La pili ni gumu zaidi kulisema. Profesa wangu ameona barua zako. Nilimwonyesha nilipokuwa nikitafuta ushauri. Anasema zina uzito kuliko mahojiano yote, na kwamba ripoti ikigeuzwa kitabu, zinastahili sura nzima. Nimekataa. Kisha nimefikiri, nikaona si haki mimi kukataa kwa niaba yako. Nimeambatisha fomu ya idhini. Safari hii jina la kubuni utalichagua mwenyewe, na sitaligusa. Ukiichana fomu nitaelewa.

Payal


Nyacheki,
24 Aprili 2026

Payal,

Ulimwonyesha profesa barua zangu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama akaja kuangalia. Ee Nyasae, wewe mtu! Hata ukiomba msamaha lazima uwe na fomu.

Wacha nikupe habari kwa mpangilio, kwa sababu utazihitaji.

Tarehe kumi ilipita, Esnah hakurudisha fomu. Onsongo akapita bila mpinzani. Chifu alitangaza, watu wakapiga makofi mawili matatu, wakaenda zao. Esnah alikuwa pale, amesimama karibu na nguzo ya bendera na sweta lake la kijani. Nilienda nikamwambia, "Pole, dada." Akasema, "Asante, Nyanchama." Hivyo tu.

Jana ilikuwa Alhamisi, ile ya kupewa. Walikuja saa moja asubuhi, wote watatu: Esnah, Maureen na Kemunto. Mama alikuwa amebandika uji wa wimbi sufuria kubwa. Tukaingia shambani. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya kazi, majani yalikuwa laini, na Maureen alikuwa anatuchekesha juu ya mume wake na ng'ombe aliyemponyoka sokoni. Nilicheka. Nilikuwa nimefika mahali nacheka bila kujilazimisha, Payal, miezi mitatu tu na nilishazoea.

Tulipofika mstari wa mwisho, kule unapoona nyuma ya jikoni, Esnah akasimama. Akaangalia migomba. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo: "Payal alipokuja, Alhamisi tulikuwa hapa. Nilimwona pale nyuma anapuliza uji. Bonareri alikuwa ameenda kumtoa mamake hospitali."

Basi. Hakunitaja. Akainama akaendelea kuchuma.

Maureen aliikatiza hadithi yake, akageukia kichaka chake. Kemunto, yule aliyemsomea Bonareri ukurasa kwa sauti, alikaa amekamata jani moja muda mrefu bila kulitia kwenye kikapu. Nilingoja waniulize. Nilikuwa na jibu tayari, nimelitunga tangu Januari: mlichanganya wiki, Payal mwenyewe hana tarehe. Hawakuniuliza. Walimaliza mstari. Walinichumia shamba lote mpaka kona ya mwisho, hawakuniibia hata kichaka kimoja, wakabeba mpaka kituoni, wakangoja mizani isome. Kazi ya egesangio waliitimiza. Halafu wakapita njia ya chini kwenda makwao, na uji wangu hakuna aliyeugusa.

Sufuria nzima, Payal. Mama aliniuliza, "Hawa wasichana wamefunga?" Nikamwambia ndiyo, wamefunga.

Leo ni Ijumaa ya Kemunto. Nilichukua kikapu nikaenda kwake kama kawaida. Nikawakuta wameshaanza, wamegawana mistari mitatu. Hakuna aliyenifukuza. Hakukuwa na mstari wangu tu. Nikarudi.

Sasa unajua yote. Lakini bado naweza kukana, unaelewa? Esnah alisema siku, hakusema mtu. Kesho naweza kulia kama Bonareri alivyolia, na Kemunto akaniamini, maana mimi kwetu ni hapa. Bonareri naye ni wa hapa na hawakumwamini, lakini mimi najua kulia vizuri zaidi. Nimelala na wazo hilo, na asubuhi bado lilikuwa zuri. Kisha nimefikiria ile chenji. Bonareri anamhesabia Esnah chenji hapo stendi bila kumwangalia. Nimeshindwa kuendelea.

Swali lako la kwanza. Ndiyo, nilikupigia. Wewe uliyekuwa mgeni kuliko Esnah mara mia, nilikupa kura yangu. Lakini usijipambe nayo. Kiranja mkuu hakuwa na kitu changu mkononi mwake. Ilikuwa rahisi, na siku hiyo nilijiona mtu mzuri sana. Nikakaa miaka yote nikijua mimi ni wa aina hiyo.

Swali la pili. Fomu yako nimeijaza, iko ndani ya bahasha hii. Sehemu ya sahihi nimetia sahihi. Sehemu ya tarehe nimeweka tarehe. Pale walipoandika "Jina la kubuni" nimeandika Nyanchama. Hapo chini, kwenye "Mahali", nimeandika nyumba yetu, ng'ambo yetu ya mto, na jina la baba. Uliahidi hutaligusa. Usiliguse.

Usingoje kitabu. Kitabu ni cha huko kwenu. Chapisha barua hizi sasa hivi, kwa Kiswahili, kopi sita kama zile. Tano zetu, na moja uipeleke Keroka, stendi, kwa Bonareri anayeuza ndizi. Haya, naona nimehesabu vibaya. Bonareri ni mmoja wa wale watano. Basi ile ya sita mwambie baba yako aiweke kwenye kaunta, pale pale mbele, na amwambie kila anayeingia asome.

Nyanchama